Mafunzo Niliyopata kwa Kutazama Makrofaji Zikibadili Umbo

1. Chai isubiri

Ujanani nilikuwa natia protini kwenye sahani ya seli, naenda kunywa chai, narudi kutazama. Seli zenyewe ni makrofaji, seli walaji za kinga ya mwili, tulizokuza kutoka kwenye uboho wa panya. Usiku tulizinyima M-CSF, protini inayoziwezesha kuishi na kuongezeka, asubuhi tunairudisha. Siku moja sukari iliisha, nikabaki kwenye hadubini. Hazikutimia dakika 5, kingo za seli zikaanza kujikunja na kupepea kama pindo la kanga penye upepo. Nikadhani nimegonga meza.

M-CSF inaposhika kipokezi chake kwenye utando wa seli, taarifa hupitia kimeng'enya PI3K hadi protini ndogo Rac, nayo huchochea nyuzi za aktini zijengwe ukingoni. Utando husukumwa nje, seli hutanda, kisha hujirefusha na kutembea. Anayepiga picha kesho yake atakuta matokeo tu.

2. Uliza zimelelewa na nini

Makrofaji zilizokuzwa kwa M-CSF huelekea kuwa ndefu zilizochongoka. Za GM-CSF, protini nyingine ya kukuzia, huelekea kuwa za mviringo. Majina yanakaribiana, basi watu wazima na shahada zao, nami nikiwa mmoja wao, tumebishana juu ya picha mbili bila kuulizana lishe. Na kama M-CSF yenu mnaikinga kutoka kwenye maji ya seli za L929 zinazoitoa, maji hayo yana mengine zaidi yake.

3. Tazama pia meno

Panya wa op/op, wasio na M-CSF inayofanya kazi, meno yao hayachomozi. Sababu ni upungufu mkubwa wa seli za kula mfupa, majitu yenye viini vingi ambayo nayo huitegemea M-CSF.

4. Umbo nalo huamuru

Kwa miaka nilifundisha kwamba ishara huamua umbo, basi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walieleza jinsi walivyopanda makrofaji juu ya mistari myembamba iliyozilazimisha kurefuka. Bila kuongezewa saitokini (protini za ishara kati ya seli), zikaanza kutengeneza arginase-1, alama ya makrofaji za kuponya kidonda. Wanafunzi wangu wa zamani, mnisamehe. Nyinyi mtakaofungua maabara zenu, andikeni sahani ni ya nini na imepakwa nini: plastiki ni ngumu kuliko pafu, na seli huuhisi ugumu huo.