Stima, Tokeni na Luku: Lugha ya Mita ya Umeme Ufukoni Luanda Kotieno

Katika enzi hii ya teknohama, mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia aghalabu huelekezwa kwenye kompyuta na simu, huku mita ya umeme ikisahaulika. Makala haya yanadai kwamba mita hiyo ni uwanja wa istilahi usiopaswa kupuuzwa, kwani asiyeielewa lugha yake hubaki gizani, na neno hilo halitumiki hapa kisitiari.

Tuanze na jina la nguvu yenyewe. Luanda Kotieno, katika Kaunti ya Siaya, ni kituo cha feri iendayo Mbita, kwenye mlango wa Ghuba ya Winam. Hapo, kama kwingineko nchini Kenya, watu aghalabu husema stima badala ya umeme. Neno hilo awali lilihusu meli ya mvuke, na katika Ziwa Victoria meli za mvuke zilitangulia nyaya kwa miaka mingi. Wasanifishaji walipendelea umeme. Umma ukachagua stima, hata makao makuu ya Kenya Power jijini Nairobi yakaitwa Stima Plaza.

Mfumo wa kulipia kabla ulipoingia, kila nchi ilishika njia yake. Tanzania ina luku, akronimu ya Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ambayo sasa ni nomino kamili: luku hununuliwa, luku huisha. Uganda ina yaka, amri ya Kiganda iliyo jamaa wa kitenzi chetu waka. (Ajabu ni kwamba kampuni iliyosambaza nguvu hiyo huko kuanzia 2005 hadi Machi 2025 iliitwa Umeme.) Kenya ilitohoa tu: tokeni. Kwa maoni yangu luku ndiyo iliyofaulu zaidi, kwa sababu inabeba maelezo yake ndani yake.

Tokeni ni nini hasa? Mteja hulipa, mathalani kwa M-Pesa, kisha programu ya kampuni hutumia ufunguo wa siri wa mita yake kuzalisha nambari ya tarakimu 20. Mita ya kawaida ya aina hii haipokei chochote kutoka kwa programu hiyo moja kwa moja. Mteja mwenyewe husoma nambari kwenye simu na kuibonyeza kwa kidole. Yaani, kipande cha mwisho cha mtandao huu wa kidijitali ni binadamu anayesoma.

Udhaifu wa kipande hicho ulidhihirika mwaka 2024. Hadi wakati huo kila tokeni ilibeba alama ya dakika, zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo, biti 24, inatosha dakika 16,777,216 pekee, nayo ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Duniani kote mita za mfumo huo zilihitaji kusasishwa, la sivyo zingekataa tokeni mpya. Nchini Kenya mteja alitumiwa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadilisha mita, la tatu la umeme aliolipia. Ni tarakimu 60, za kuingizwa kwa mpangilio. Kampeni iliitwa “Update Token Meter Yako”, jina ambalo Kiswahili chake ni kimilikishi tu.

Ujumbe wa kawaida wa tokeni nao umejaa vifupisho vya Kiingereza vya yuniti, kiasi na makato. Hatudai kwamba Kiswahili pekee kingetosha. Luanda Kotieno lugha ya kwanza ya wengi ni Dholuo. Lakini mchuuzi wa samaki mwenye friji iliyozimika anahitaji vitenzi vya amri na vipashio vya mfuatano: ingiza kwanza, subiri mita ikubali, kisha ingiza la pili, halafu la tatu. Sarufi hiyo tunaifundisha tangu darasa la awali, na ingetosha katika ujumbe mmoja wa simu.