Je, Inafaa Kumtetea Anayedaiwa?



Baada ya swala ya Alasiri, ndugu mmoja wa kitivo cha sheria aliniambia habari za DRI, chama cha mawakili wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1960, makao yake Chicago. Chama hicho huwakutanisha na kuwafundisha mawakili wanaowatetea wadaiwa katika kesi za madai, kama vile makampuni na madaktari. Akauliza: "Muislamu akifanya kazi hiyo, si anawabeba wakubwa?"

Jibu lililonijia ulimini lilikuwa "haramu". Nikajizuia, nikarudi kwenye fiqhi.

Kwanza, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya anayekana. Basi kudaiwa si kukosa.

Pili, alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu kabla ya kusikia pande zote mbili.

Tatu, Ali mwenyewe alimweka nduguye Aqil kuwa wakili wake katika mashauri.

Lakini mpaka upo. Suratun-Nisaa, aya ya 105, yakataza kuwatetea wahaini. Wakili akijua mteja wake amekula haki ya mtu, amshauri alipe au asuluhishe; asimfichie ushahidi.

Niliwahi kusingiziwa simu ya mwenzangu bwenini. Siku ile nilitamani mtu mmoja tu aseme: "Msikilizeni kwanza."

Ndugu yangu wa sheria, kuwa mtu huyo. Wallahu aalam.