SOMO: HAKI YA WENYE KUWASHIKA MKONO WALEVI NA WATUMIAJI WA UNGA

Katika darasa letu limeletwa swali ambalo hatukuona vema kulijibu kwa neno moja. Aliyeuliza ni mchuuzi wa mboga, na biashara yake humpandisha Nunguni, juu ya vilima vya Kilungu katika kaunti ya Makueni. Asema huko ameona watu wasio na mshahara wa maana wakienda nyumba kwa nyumba kumtazama mtu aliyeacha pombe, kumpeleka hospitali, na kukesha naye anapotetemeka. Wengi wao si Waislamu. Akauliza: Je, yatupasa sisi watu wa pwani kuwashukuru hao na wenzao walioko miji yetu, au thawabu ya Mwenyezi Mungu yawatosha? Na ikiwa yatupasa, tuwashukuru vipi?

Kwanza, neno hili la kuwa thawabu yawatosha limezoeleka sana katika vinywa vyetu, na asili yake ni kuifahamu vibaya Qur'ani tukufu. Katika Sura ya Insan, aya ya 8 na ya 9, wametajwa watu wanaowalisha maskini, yatima na mateka, na ambao hawataki kwa hao waliowalisha malipo wala shukrani. Aya hizo zaeleza adabu ya mwenye kutoa. Hazikumpa ruhusa mwenye kupokea anyamaze. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi na wengineo, kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Mwenye deni hawezi kujisamehe deni lake kwa kuwa mdai wake ni mpole.

Ama kuwa wao si Waislamu, hilo halipunguzi kitu. Mut'im bin Adi alikufa katika ushirikina, lakini ndiye aliyempa Mtume himaya alipokuwa akirejea Makka kutoka Taif. Baada ya vita vya Badri, Mtume alisema kuwa lau Mut'im angalikuwa hai akawaombea wale mateka, angaliwaacha kwa ajili yake. Mut'im alikuwa kaburini, mateka walikuwa maadui, na wema ule haukusahauliwa. Basi Mkamba wa Nunguni anayekesha na jirani yake mgonjwa tutamnyima neno la shukrani kwa hoja gani?

Sasa yafaa tujue kazi yenyewe ni ipi, kwani wengi wetu twadhani ni kutoa mawaidha tu. Ukambani wanakijua kilevi kwa msiba. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni na Kiambu kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na waliosalimika baadhi yao walipofuka. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka asidi, na asidi hiyo huuharibu mshipa wa jicho. Khatari nyingine haijulikani na wengi. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka, akiacha kwa ghafula, siku mbili tatu za mwanzo aweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kupatwa na kifafa, hata kufa. Mkewe husema amepagawa. Jamaa huita waganga, au humfungia chumbani wakidhani wamtia adabu. Jirani aliyefundishwa kidogo huijua alama hiyo, akatafuta gari usiku ule ule. Hapo roho ya mtu imesimama juu ya ujuzi wa mtu mmoja asiyelipwa.

Kwetu pwani balaa kubwa ni unga, nao ulianza kuenea katika miji yetu miaka ya 1980. Wazee wa Mombasa na Malindi wakumbuka mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, unga ulipoadimika ghafula, na vijana wakaonekana wameanguka mabarazani kwa arosto. Waliotoka kuwaokota walikuwa wachache, na baadhi yao walikuwa mateja wa zamani. Tangu hapo mengi yamefanyika. Dawa ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kisha Mathari, Nairobi, mwisho wa 2014, na Malindi na Mombasa mwaka 2015. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na mwenye kuinywa yataka aende asubuhi baada ya asubuhi, mvua na jua. Daktari humwona dirishani kwa dakika chache. Saa zilizobaki za siku yu mikononi mwa nani? Na aliyekaa miezi bila ya kutumia, kisha akateleza akarudia kipimo chake cha zamani, mwili wake hauwezi tena kukistahimili, na wengi hufa hapo. Mwenye kumfuatia anayejua jambo hili humwonya mapema, wala hangojei ateleze ndipo amlaumu.

Wenye kujitolea katika kazi hii wengi ni watu waliotoka huko huko. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, wauza-hisa mmoja na daktari mmoja, wote wawili walevi, waligundua kwamba kila mmoja huweza kukaa bila ya pombe kwa kuwa amsaidia mwenzake, na kutoka hapo vikatokea vikundi vilivyoenea duniani. Zanzibar nyumba za kuacha unga zilianza 2009 kwa njia hiyo hiyo, zikiendeshwa na vijana waliokwisha kuacha. Kwa hivyo anayemsaidia mgonjwa huenda naye angali akijiponya, na jinsi tutakavyomtendea yaweza kumshikiza au kumwangusha.

Khasa hapa ndipo tuonapo makosa katika miji yetu. Watu wakitaka kumtukuza kijana wa namna hii humsimamisha baada ya sala ya Ijumaa, wakamtaja jina na jina la baba yake, wakasema: "Huyu alikuwa akivuta unga, na leo yuko hivi." Wakampiga picha, wakampa karatasi yenye muhuri. Nia ni njema. Lakini wiki ijayo anakwenda kuposa, na baba wa binti amekwisha kusikia. Sitara ya Mwislamu ni amana, na toba yake si mali ya kamati. Wale wa Akron na walioifuata njia yao waliweka kanuni kuwa mwanachama asijitangaze kwa jina lake kamili katika magazeti, nasi twaona kanuni hiyo yaafiki adabu zetu. Mtu aulizwe kwanza, faraghani: wapenda utajwe? Akikataa, yameisha.

Kosa jingine ni kinyume cha hili, nalo ni ulimi. Bukhari amepokea khabari ya mtu mmoja zama za Mtume, jina lake Abdallah, aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kunywa pombe. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Twajua mabaraza ambayo mtu ameacha unga miaka sita na angali akiitwa teja.

Basi shukrani iwe ya namna gani? Serikali ya Kenya imejaribu jambo mwaka 2023. Wahudumu wa afya ya jamii, waliokuwa wakiitwa wa kujitolea na kila mmoja akipewa nyumba mia hivi za kutazama, walitambuliwa kwa sheria, wakapewa mikoba ya vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hao wako Makueni kama walivyo Mombasa na Lamu. Twasema ni hatua njema, ingawa shilingi 5,000 kwa mwezi mzima hazimtoshi mtu mwenye watoto. Lakini si wote wenye kuwashika mkono wagonjwa hawa walio katika daftari hilo. Mama anayempelekea uji kijana wa jirani hayumo. Kijana anayewasindikiza wenzake kliniki naye hayumo.

Kwa hao twaona jambo la kwanza ni nauli, kwani kazi hii hufa kwa kukosa nauli kuliko kwa kukosa moyo. La pili ni mafunzo: kujua alama za kifafa cha pombe, na matumizi ya naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na unga. La tatu ni kupokezana. Mtu mmoja akibebeshwa wagonjwa kumi mwaka mzima bila ya kupumzika, yeye mwenyewe atakuwa wa kumi na moja. Na mwenye duka ampe kazi aliyekwisha kupona, kwa ujira wa haki, bila ya kumkagua mifuko kila jioni. Muulizaji wetu naye aulize huko Nunguni gari la usiku la kumpeleka mgonjwa hospitali lagharimu kiasi gani, achangie hilo.

Limebaki swali la zaka, kwani aliulizia pia. Mafungu yake ni manane, yametajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, na fungu la wenye kujitolea halimo. Akiwa ni Mwislamu fakiri au mwenye deni asiloweza kulilipa, apewe kwa ufakiri wake au deni lake, kama apewavyo mwingine yeyote. Ama zawadi ya shukrani, kwake yeye na kwa asiyekuwa Mwislamu, itoke katika sadaka na mali zetu wenyewe. Tusiihesabu katika zaka, tukalipa shukrani yetu kwa haki ya maskini.