Wanafunzi wa sheria watanisaidia kweli?

Mume wangu alifariki mwaka jana. Kikao cha ukoo kilimpendekeza shemeji yangu awe msimamizi wa mirathi. Nikatia sahihi muhtasari bila kuusoma, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Sasa analeta wateja kuitazama nyumba ninayoishi na wanangu. Wakili niliyemwendea alitaja hela ambayo siipati hata nikiuza cherehani. Nimesikia chuo kikuu kuna kliniki ya sheria, bure, ila wanaohudumia ni wanafunzi. Jirani anasema watajifunzia kunyoa kwenye kichwa changu. Nifanye nini?
Mjane, Mbagala

Mama, pole sana kwa msiba, na pole kwa kuona wageni wakiipima sebule yako kwa macho huku hujamaliza kulia.

Hofu ya jirani yako ina msingi, kwa hiyo nianze nayo. Mwanafunzi wa kliniki hafanyi kazi peke yake. Anakusikiliza, anaandika maelezo yako, kisha anampelekea mwalimu anayemsimamia, naye hupitia kila karatasi kabla haijatoka. Wala si jambo la kubahatisha: Kamati ya Msaada wa Kisheria ya wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967.

Wanafunzi wana kitu ambacho wakili mwenye majalada mengi hana, nacho ni muda. Niliwahi kukaa pembeni kwenye kliniki moja, bibi akamimina mezani mfuko wa rambo uliojaa karatasi. Binti wa mwaka wa tatu alizipanga moja moja kwa tarehe, penseli mkononi, kwa saa mbili nzima. Chini kabisa palikuwa na risiti ya kiwanja yenye jina la bibi mwenyewe. Yeye alidhani ni ya maji.

Usitarajie mwanafunzi asimame mahakamani kwa niaba yako, hajawa wakili. Atakuandikia maombi na kukufundisha namna ya kuyaeleza. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, nawe Kiswahili unacho.

Sasa nyumba. Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kuwagawia warithi. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa kuwasilisha mahakamani Fomu Na. 5, yenye orodha kamili ya mali na madeni. Swali la kwanza kliniki liwe hili: je, ameiwasilisha, na nyumba yangu imeandikwaje? Kama anakiuka wajibu wake, mahakama ileile iliyomteua inaweza kuombwa itengue uteuzi. Waulize pia jinsi ya kuomba mauzo yazuiwe wakati shauri linasikilizwa.

Usichelewe. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Zikipita, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda. Nimeona haki nyingi zikipotea kwa sababu mtu alikaa akingoja shemeji apoe moyo.

Kama nauli ya kufika chuoni ni tatizo, ulizia ofisi ya kata kuhusu wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao ni ya bure.

Na ile sahihi isikufunge mdomo kwa aibu. Waeleze ulivyoiweka: nani alikuwepo, nani alikupa kalamu, ulisomewa nini. Mtu wa kliniki hawezi kukutetea kwa jambo ulilomficha.

Beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao, barua ya uteuzi na hati yoyote ya nyumba. Nyaraka halisi waonyeshe tu, kisha rudi nazo nyumbani. Waachie kopi.