Bustani ya Nyuma ya Nyumba Wakati wa Kiangazi

Someni kwanza: Danieli, sura ya 1. Angalieni habari ya vijana wanne waliokula mboga na kunywa maji kwa siku 10, na jinsi nyuso zao zilivyoonekana baadaye.

Wakati wa mvua mboga huota hata mahali pasipolimwa. Somo hili ni la miezi ya jua. Hapa Bunia mvua hupungua sana tangu mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 2. Udongo hupasuka, lengalenga hukauka, na sokoni fungu la mboga huwa dogo na bei yake kubwa. Huko chini kando ya Ziwa Albert, kama Kasenyi na Tchomia, joto ni kali kuliko huku juu. Basi mama wengi hupika chakula kisicho na majani, juma baada ya juma. Wakubwa huvumilia. Mtoto mdogo hawezi kuvumilia muda mrefu.

KWA NINI MAJANI NI YA LAZIMA

Mboga za kijani kama lengalenga, sombe, matembele na majani ya maboga zina chakula cha macho kiitwacho vitamini A. Mtoto asiyepata chakula hicho, jicho lake huanza kushindwa wakati wa giza. Mchana anacheza vizuri. Jua likitua anajikwaa, anapapasa sahani yake, anakataa kuondoka karibu na mama. Watu husema, “Ni mwoga,” au, “Amerogwa.” Sivyo. Jicho lake lina njaa. Likiachwa hivyo, hukauka na kupata kidonda, na mwisho wake ni upofu usioponyeka. Ugonjwa wa surua ukimpata mtoto wa namna hii, hatari huzidi.

Ukiona dalili hiyo, usingoje mboga ziote. Mlete mtoto hospitalini upesi. Dawa iko, na ikitolewa mapema macho hupona. Lakini ni heri zaidi kukinga, na bustani ni kinga.

Pengine utasema, “Sina shamba.” Ni kweli, tangu mapigano yalipoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka wa 2017, watu wengi wamekimbilia Bunia wakaacha mashamba yao. Lakini bustani hii haihitaji shamba. Mahali panapotosha kulaza mkeka panatosha.

JINSI YA KUITENGENEZA

1. Shusha kitalu. Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yatoke. Wakati wa jua tunafanya kinyume, ili maji yabaki. Pima mita 1 kwa mita 2. Chimba sentimita 30, changanya udongo na samadi iliyooza ya mbuzi au ng’ombe, kisha uurudishe. Uso wa kitalu ubaki chini ya njia kwa upana wa kiganja. Wakulima wa Burkina Faso, nchi kavu iliyo kusini ya jangwa la Sahara, nao huchimba mashimo madogo na kuyatia samadi, na kwa njia hiyo wamerudisha mashamba yaliyokuwa yamekufa.

2. Panda kwa zamu. Mbegu za lengalenga ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, zimwage kwa mistari, zifunike kidogo tu. Panda nusu ya kitalu leo, na nusu ya pili baada ya majuma 2, ili mboga zisiishe zote mara moja. Pembeni panda vipande vya matembele.

3. Funika udongo. Miche ikiisha kusimama, tandaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba katikati ya mistari. Jua hunywa maji ya udongo ulio uchi. Saa za mchana weka kivuli chepesi cha matete juu ya miche.

4. Nywesha jioni au asubuhi mapema, polepole, penye mizizi. Maji yaliyooshea mboga au mchele yasimwagwe njiani, yapelekwe bustanini. Maji yaliyofulia nguo za mtoto mchanga yasitumiwe, wala maji yenye javeli. Tena pipa na bidoni zifunikwe, na maji yasisimame kitaluni, kwa maana mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyosimama.

5. Jenga ugo. Kuku mmoja kwa saa moja aweza kumaliza kazi ya mwezi mzima.

JINSI YA KUPIKA

Osha majani kwa maji safi. Lengalenga isipikwe muda mrefu. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu majani mabichi ya mihogo yana sumu. Tia mawese kidogo: mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini A, na mawese mekundu yenyewe yanayo. Usiyachome mpaka yawe meupe. Wekundu ule ndio wenye faida, na moto mkali huuharibu. Mtoto aliyekwisha kuanza kula apewe mboga zilizopondwa vizuri kila siku.

MASWALI

1. Kwa nini kitalu cha kiangazi hushushwa?
2. Ni dalili gani ya jioni inayoonyesha kwamba macho ya mtoto yana njaa? Utafanya nini?
3. Nyumbani kwako, ni maji gani yanayomwagwa bure kila siku?

KAZI YA JUMA HILI

Leo jua likitua, mwangalie mtoto wako akitembea uani. Kesho asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, anza kuchimba.