Je, Mungu Amesema Nami?

Tuseme baba mmoja wa nyumba, Mkristu mwema, ameota usiku tatu mfululizo kwamba sauti yamwamuru auze shamba lake na kuhamia mjini. Asubuhi ya nne amwambia mkewe: "Mama Yosefu, Mungu amenifunulia." Mkewe anyamaza. Anajua kwamba shamba hilo ndilo linalowalisha, na ndilo linalolipa karo ya watoto. Lakini naye ni mcha Mungu. Aogopa kubisha, asije akaonekana anashindana na mbingu. Afanyeje mama huyu? Na mumewe afanyeje?

Swali hili si la mzaha, kwa kuwa limeingia katika nyumba nyingi za Wakristu. Mmoja atafuta ishara ya kumjulisha mchumba atakayemwoa. Mwingine, mwanawe akiwa mgonjwa, akimbilia kila mtu asemaye kwamba ameona njozi. Wapo pia waliochoka kungoja, wakakata shauri kwamba Mungu hasemi tena na mtu yeyote. Wote hawa wameiacha njia, huyu kwa kulia na huyu kwa kushoto. Basi, ndugu msomaji, natuyatazame mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili.

Ufunuo ulio wa watu wote

Kanisa hupambanua mafunuo ya namna mbili. Wa kwanza ni ule ambao Mungu aliwapa watu wote, kwa vinywa vya manabii, na mwishowe kwa Mwanawe mwenyewe, Bwana wetu Yesu Kristu. Ufunuo huo umekamilika. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika hati yake juu ya Ufunuo iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, ulitukumbusha kwamba hatuna ufunuo mwingine wa hadhara wa kuungojea mpaka Bwana atakaporudi katika utukufu wake.

Wa pili ni ule anaopewa mtu mmoja au kikundi cha watu, uitwao ufunuo wa faragha. Huo hauongezi kitu katika imani. Kazi yake ni kuwasaidia watu kuishika vema zaidi Injili katika nyakati zao. Hata ukikubaliwa na Kanisa, Mkristu halazimiki kuusadiki kama anavyosadiki Injili.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, padre Mkarmeli wa Hispania aliyefariki mwaka 1591, alilifundisha jambo hili kwa ukali. Alisema kwamba Baba, kwa kutupa Mwanawe, ametuambia yote kwa mara moja. Basi anayetamani njozi mpya amwelekee Kristu kwanza, maana hajamtazama sawasawa. Mtu wa namna hiyo amefanana na mwana aliyepokea barua ndefu ya baba yake, akaifungia sandukuni bila kuisoma, kisha akasimama njiani akiwauliza wapita njia kama baba amemtumia salamu.

Samweli na mzee Eli

Hata hivyo, tusiseme kwamba Mungu ni bubu. Twamkumbuka mtoto Samweli, aliyelala hekaluni kule Shilo. Aliitwa kwa jina lake, akamkimbilia mzee Eli, akidhani ni yeye amwitaye. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka Eli alipofahamu kwamba ndiye Bwana, akamfundisha mtoto namna ya kuitika.

Tuyaangalie mambo mawili hapa. Kwanza, sauti ilikuwa ya Mungu kweli, lakini Samweli hakuweza kuitambua peke yake. Mungu alikubali kungoja mpaka mtoto afundishwe na kuhani, tena kuhani mwenye makosa, aliyeshindwa kuwarudi wanawe. Pili, ujumbe aliopewa Samweli haukuwa wa kumpendeza. Ulikuwa mzito, na asubuhi aliogopa kuusema. Sauti isemayo kila mara yale tuliyokuwa tukiyatamani tangu jana yafaa tuitilie shaka.

Kanisa halina haraka

Tarehe 11 Februari 1858, msichana wa miaka 14, Bernadette Soubirous, alikwenda kuokota kuni karibu na Lourdes, nchini Ufaransa, akamwona Bibi mwenye kung'aa. Paroko wake hakumsadiki upesi. Alidai Bibi huyo ataje jina lake. Bernadette hakugombana naye, wala hakujitafutia wafuasi. Askofu wa Tarbes alichunguza, akatoa hukumu tarehe 18 Januari 1862. Mwaka 1866 Bernadette aliingia utawani kule Nevers, akawahudumia wagonjwa mpaka mwenyewe akalemewa na ugonjwa, akafa mwaka 1879. Kanisa lilipomtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1933, halikumpa heshima hiyo kwa sababu ya macho yake yaliyoona, bali kwa unyenyekevu na uaminifu wa maisha yake.

Karibu nasi zaidi ni Kibeho, nchini Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema kwamba amemwona Mama wa Mungu, na wenzake wengi wakamcheka. Mwaka 1982 Askofu wa Butare aliunda tume ya waganga na tume ya wanateolojia. Hukumu ilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro. Kati ya wengi waliodai kuona, ushuhuda uliokubaliwa ni wa wasichana watatu tu. Na ujumbe wenyewe ulikuwa upi? Kutubu, kusali, kuongoka. Hapana hata neno moja lililo nje ya Injili.

Ikiwa Kanisa, lenye waganga na wanateolojia, lilingoja karibu miaka 20, je, baba wa nyumba hawezi kungoja mwezi mmoja?

Namna ya kupima

Sasa turudi kwa yule baba na shamba lake. Ajiulize kwanza: Je, jambo hili lapatana na amri za Mungu na wajibu wangu? Mungu hajipingi mwenyewe. Aliyemkabidhi baba watoto hawezi kumwamuru awaache na njaa; na sauti imwambiayo mama aache dawa ya mtoto mgonjwa haitoki kwake.

Pili, apime matunda yake moyoni. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipolala kitandani kwa jeraha alilolipata vitani mwaka 1521, aliona kwamba mawazo ya fahari ya dunia yalimfurahisha kwa muda, kisha yakamwacha mkavu. Bali mawazo ya kumfuata Kristu yalimwacha na amani iliyodumu. Fadhaa, majivuno na pupa si alama za Roho Mtakatifu.

Tatu, atafute shauri. Amwendee padre muungamishi wake, amweleze yote bila kuficha. Wala asimsahau mkewe. Katika sakramenti ya ndoa Mungu amempa mke huyo awe msaidizi wake, na busara yake ni mojawapo ya njia za Mungu za kumwongoza. Mama Yosefu akiuliza, "Watoto watakula nini?" hashindani na mbingu. Huenda yeye ndiye Eli wa nyumba hiyo.

Yawezekana kwamba, baada ya sala na shauri, wote wawili wataona sababu njema za kuhama. Basi na wahame kwa amani, si kwa ajili ya ndoto, bali kwa kuwa wametumia akili walizopewa na Muumba. Na yawezekana baba ataona kwamba alitamani mji kabla hata ya kuota.

Anayetaka kweli kumsikia Mungu na aanze jioni ya leo. Jamaa waketi pamoja, wasome sehemu ya Injili, wanyamaze kitambo, na kila mmoja ajiulize: Bwana ataka nifanye nini kesho? Mara nyingi jibu litakuwa dogo: kumsamehe jirani, kulipa deni, kumtazama mgonjwa. Atakayelitii hilo dogo atazoea sauti ya Bwana, na siku atakapoitwa kwa jambo kubwa, haitakuwa ngeni masikioni mwake.