Ngig na zamu yake ya kusema: uwakilishi katika filamu "Sing Street"

Katika isimu-jamii tunafundishwa kuhesabu: nani anasema, mara ngapi, kwa lugha gani, na nani anamjibu. Tunafanya hivyo sokoni, kanisani na darasani. Napendekeza tufanye vilevile mbele ya filamu, hasa pale watu wanapobishana kama filamu fulani imewawakilisha Waafrika. Mara nyingi wanaobishana huhesabu nyuso tu.

Mfano wangu ni "Sing Street", filamu ya John Carney ya mwaka 2016. Hadithi inatokea Dublin, nchini Ireland, mwaka 1985. Conor Lalor, ambaye wazazi wake wamepungukiwa pesa, anahamishiwa shule ya mafurere ya Synge Street. Anampenda Raphina, anamdanganya kwamba ana orkestra, kisha inambidi aitafute hiyo orkestra. Darren, atakayekuwa meneja wao, anapendekeza mpiga kinanda: Ngig, kijana mweusi. Hoja yake si kwamba amemsikia akipiga. Hoja ni rangi. Watazamaji wanacheka, na kicheko kinamwangukia Darren mwenyewe. Filamu inajua kwamba anasema upuuzi. Hadi hapo sina ugomvi nayo.

Ugomvi unaanza kicheko kinapokwisha. Ngig anakaa nyuma ya kinanda, na hapo ndipo anapobaki. Eamon anatunga nyimbo pamoja na Conor, na tunajua hata mapenzi yake kwa sungura. Barry, mnyanyasaji wa shule, tunapelekwa hadi nyumbani kwao tuone ukali aliolelewa nao. Sasa jaribu, msomaji, kutaja jambo moja ambalo Ngig analitaka maishani. Au swali moja lisilo la muziki ambalo mwenzake amemwuliza.

Mtu atanijibu kwamba Larry na Garry nao hawana maneno mengi. Ni kweli, na filamu yenye orkestra nzima haiwezi kumpa kila mtu hadithi yake. Lakini hao wawili hawakutafutwa kwa ajili ya ngozi zao. Filamu iliyomcheka Darren kwa kumtaka mtu mweusi wa kuonekana jukwaani, yenyewe ikamtumia kwa kazi hiyohiyo.

Mimi husoma lugha za Kiafrika, basi lililonishika zaidi ni jina. "Ngig" ni silabi moja, nayo imefungwa na konsonanti. Wenzangu wanaosema Kiswahili, Kiluba au Lingala wataona shida mara moja: katika lugha hizi silabi kwa kawaida ni huru, huishia kwa vokali. Wakikuyu wa Kenya wana jina Ngigi, lenye silabi mbili huru, na hilo halimshangazi mtu yeyote. Sisemi kwamba silabi funge haziwezekani Afrika. Hata ndani ya familia ya Kibantu, Kibasaa cha Kameruni kinazo. Ila jina hili halina kwao. Filamu haitupi lugha yake wala jina la pili la kutusaidia. Anayejua Kiingereza atasikia ndani yake neno "gig", yaani onyesho la muziki, likiwa limetanguliwa na "n" ili lisikike la Kiafrika. Cha ajabu, mwigizaji anaitwa Percy Chamburuka: cha-mbu-ru-ka, silabi nne huru. Jina zuri lilikuwa hapohapo kwenye seti! Shujaa, kwa upande wake, ana jina, ana ukoo, na akiwa mwanamuziki anapewa jingine la tatu, Cosmo.

Je, shida ni kwamba mtunzi ni mtu wa Dublin? Sidhani. "Benda Bilili!" ya mwaka 2010, iliyopigwa Kinshasa, ni kazi ya Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye. Humo yumo kijana Roger na satonge yake ya kopo na uzi mmoja, na Roger anasema mwenyewe, kwa Lingala. Najua hiyo ni filamu ya hali halisi, haina wahusika wa kubuni. Lakini kumwachia mtu zamu ya kusema ni uamuzi wa mwenye kamera katika filamu za aina zote mbili.

Na "Sing Street" ilikuwa na nafasi nzuri kuliko nyingi, kwa sababu yote ni hadithi ya kuondoka. Mwanzoni televisheni inazungumzia vijana wa Ireland wanaovuka bahari kwenda London kutafuta maisha. Mwishoni Conor na Raphina wanapanda mashua ndogo kuelekea Uingereza. Ndani ya orkestra yake Conor ana kijana ambaye ukoo wake umekwisha kufanya safari ya namna hiyo, tena ndefu zaidi, na ambaye anajua kukaa mahali ambapo hakuna anayejua kulitamka jina lako. Wanafanya mazoezi pamoja, wanapiga video pamoja, wanapanda jukwaani pamoja. Conor hamwulizi kitu.